Carrick apewe kazi au aendelee kushikilia? Sikiza Kitengela

Kama unataka kujua nani atakuwa kocha wa kudumu wa Manchester United, usisumbuke na wanahabari wa Uingereza. Panda matatu ya Kitengela, vumilia msongamano wa Mlolongo, shuka stejini, kisha ingia kinyozi chochote chenye televisheni na viti zaidi ya vitatu. Utapewa jina, utapewa sababu, na ukibisha utasomewa historia ya klabu kuanzia 1986 hata kama anayekusomea alizaliwa 2003.

Kwa wale ambao Njaanuari iliwashika na mambo mengine, kama karo na kodi ya nyumba, mambo yalikwenda hivi. Jumatatu ya Januari 5, United ilimpiga kalamu Ruben Amorim, siku moja baada ya sare ya 1-1 dhidi ya Leeds. Mreno huyo alikuwa amekaa miezi 14. Chini yake United ilimaliza msimu wa 2024/25 ikiwa nambari 15 ligini, ikapoteza fainali ya Europa League 1-0 mikononi mwa Tottenham kule Bilbao, na Agosti ikatolewa kwenye Carabao Cup na Grimsby, timu ya daraja la nne, kwa penalti 12-11. Baada ya mechi ya Leeds alisema mbele ya kamera kwamba alikuja Old Trafford kuwa meneja, si kocha tu. Kesho yake hakuwa yeyote kati ya hao wawili.

Darren Fletcher akashikilia mechi mbili. Januari 13 Michael Carrick akapewa timu hadi mwisho wa msimu. Mechi ya kwanza akaichapa Manchester City 2-0. Ya pili, Jumapili iliyopita, akaenda Emirates akatoka na 3-2 dhidi ya Arsenal, viongozi wa ligi, Matheus Cunha akipiga la ushindi dakika za lala salama.

Mechi mbili tu. Na tayari Kitengela hawasemezani.

Jumatatu jioni nilikuwa kwenye kinyozi kimoja upande wa Noonkopir. Mwenye kinyozi ni Arsenal damu, kwa hivyo hali ya hewa ilikuwa nzito. Siku kama hiyo hupaswi kukalia kile kiti ukiwa umevaa jezi nyekundu yenye shetani kifuani, lakini kuna jamaa alikuwa nayo na alikuwa ameinamisha kichwa chini ya mashine bila wasiwasi wowote. Yeye ndiye aliyeanza.

"Carrick apewe hiyo kazi leo. Leo! Wanangoja nini?"

Jamaa wa boda aliyekuwa mlangoni, helmeti mkononi, naye ni United. Akacheka kwa dharau. "Buda, mechi mbili ni nini? Umesahau Ole?"

Hapo ndipo unajua uko Kitengela. Hakuna aliyeuliza Ole ni nani.

Na hoja ya jamaa wa boda ina mashiko, lazima niseme. Desemba 2018 United ilimfukuza Mourinho ikamchukua Ole Gunnar Solskjaer kushikilia. Akashinda mechi 14 kati ya 19. Akaitoa PSG kwao Paris kwenye Champions League. Mashabiki wakaimba, wachambuzi wakalia, na Machi 28, 2019 akapewa kazi ya kudumu. Wino haujakauka, timu ikaanza kuyumba. Siku ya mwisho ya msimu huo United ilichapwa 2-0 nyumbani na Cardiff, timu ambayo tayari ilikuwa imeshashuka daraja. Ole alidumu hadi Novemba 2021 akaondoka bila kombe hata moja.

"Mshikilizi hucheza na moto wa wengine," akasema jamaa wa boda. "Wachezaji wamefurahi kocha mkali ameenda, wanakimbia. Mpe mkataba uone kama watakimbia."

Wa jezi akainua kichwa, mashine ikakwama hewani. "Na Ruud je? Ruud alikosa nini?"

Kimya kidogo. Ruud van Nistelrooy alishikilia mwaka 2024 baada ya Erik ten Hag kutimuliwa Oktoba 28. Mechi 4: akashinda 3, sare 1. Amorim alipofika tu, Ruud akaambiwa asante, akaondoka klabuni kabisa.

"Alienda Leicester wakashuka daraja," kinyozi akatia neno lake, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza jioni hiyo.

"Hiyo ni Leicester! Mimi naongea kuhusu mtu ambaye amefanya kazi, kazi ikaonekana, halafu anaambiwa apishe mwenye si-vii nzuri. Kwani mtu ashikilie hadi lini?"

Alisema hilo la mwisho kwa sauti ambayo haikuwa ya mpira. Hata jamaa wa boda alinyamaza.

Nilimngoja nje amalize kunyolewa. Ameniruhusu niandike habari zake mradi nisimtaje jina wala kiwanda chake. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha nguo kule EPZ, Athi River. Alianza kama mshonaji wa kawaida, mmoja wa wale mnawaona asubuhi saa kumi na moja wakitembea kando ya barabara ya Namanga kwa makundi ili kuokoa nauli. Septemba 2024 supavaiza wa laini yao aliacha kazi ghafla. Meneja akamwita jamaa wetu: shikilia wewe, tunatafuta mtu. Laini ina mashine nyingi, ina malengo ya kila saa ubaoni, ina akina mama ambao mtoto akiugua wanahitaji mtu wa kuongea naye. Ameishika. Malengo yanafikiwa. Posho ya kushikilia anapata, lakini mshahara wa cheo hapati.

Sasa fanya hesabu nami. Huyu jamaa alianza kushikilia kabla Amorim hajaitwa Uingereza. Amorim alikuja, akaleta mfumo wake wa 3-4-3, akasema hata Papa hawezi kumbadilisha, akafungwa na Grimsby, akafukuzwa. Jamaa bado anashikilia.

"Wakitangaza nafasi," akaniambia, "wanataka diploma. Mimi nina cheti cha sekondari na hii laini."

Nikajua kwa nini anampigania Carrick kama ndugu yake wa tumbo moja.

Basi mimi nami nikaanza kuufuatilia huu mjadala kwa jicho lingine. Ukisikiliza vizuri mashabiki wanaobishana kuhusu kocha mpya, wengi hawabishani kuhusu mpira. Wanabishana kuhusu nani anastahili kazi: mwenye makaratasi, mwenye jina, mtu wetu, au yule ambaye tayari anaifanya. Na kila mmoja huchagua upande kulingana na jinsi yeye mwenyewe alivyokosa au kupata riziki. Jamaa wa boda, kwa mfano, ana digrii ya biashara. Ndiyo, digrii, na iko kwenye fremu nyumbani kwao. Yeye anataka United itangaze nafasi, iwaite watu, iwahoji, imchukue mwenye rekodi bora zaidi. "Nchi hii imeharibiwa na 'huyu ni mtu wetu'," aliniambia. Ametuma maombi ya kazi mpaka ameacha kuhesabu, na kila mara nafasi inachukuliwa na mpwa wa mtu. Kwake Carrick ni mpwa wa mtu. Alicheza pale mechi 464 kati ya 2006 na 2018, akabeba ligi mara 5, anajuana na kila askari wa lango. Ati sasa hiyo ndiyo si-vii?

Sasa nani amekosea hapo? Mimi nina nusu ya diploma, kwa hivyo nusu yangu iko na kila mmoja wao.

Lakini kuhusu makaratasi kuna kitu watu wa United hawakipendi kukisikia. Huyo Amorim ambaye Sporting ililipwa takriban Euro milioni 11 ndipo imwachilie aje Manchester, alianza ukocha bila leseni inayotakiwa. Akiwa Casa Pia, daraja la tatu Ureno, aliadhibiwa kwa kutoa maagizo kando ya uwanja ilhali kwenye karatasi alikuwa mwanagenzi tu. Akaondoka Januari 2019. Mwaka uliofuata Sporting ikamnunua kutoka Braga kwa Euro milioni 10 baada ya kuongoza mechi 13 pekee za timu ya wakubwa, na bado chama cha makocha kilikuwa kinapiga kelele kwamba hana leseni ya daraja la juu. Msimu wake wa kwanza kamili, 2020/21, akawapa ubingwa wa kwanza tangu 2002. Leseni ikaja njiani.

Nilipowasimulia hili pale kinyozi siku ya pili, aliyenijibu si mwanamume. Ni dada wa M-Pesa aliye kwenye kibanda kilichopakana, ambaye husikiliza yote kupitia dirisha la mabati na huwa hasemi mpaka mtu aseme upuzi. Yeye ni Gor Mahia. Hana habari na Old Trafford.

"Mnaenda Ureno kutafuta mfano na sisi tulimfukuza Robertinho?"

Kama hukumbuki: mwishoni mwa 2020 Gor ilimleta Mbrazil Roberto Oliveira, Robertinho, aliyekuwa ameifikisha Rayon Sports ya Rwanda robo fainali ya Kombe la Mashirikisho la CAF mwaka 2018. K'Ogalo ilikuwa inajiandaa kucheza na APR kwenye Ligi ya Mabingwa. CAF ikaangalia makaratasi ya Mbrazil ikasema hapana, leseni hii haitoshi kukaa kwenye benchi. Samuel Omollo, Pamzo, ndiye akasimamia. Gor ikapoteza 2-1 Kigali, ikashinda 3-1 Nairobi, ikavuka. Robertinho akafunganya kabla hata watu hawajajua kulitamka jina lake.

Dada wa M-Pesa aliendelea huku akimhesabia mteja noti. Mbrazil akaenda Uganda, Vipers, akachukua ligi ya 2021/22. Akaipeleka Vipers kwa TP Mazembe, akaitoa Mazembe kwao Lubumbashi kwa penalti, na Vipers ikaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza katika historia yake. Januari 2023 Simba ya Dar ikamnyakua, ikafika naye robo fainali. "Sisi tukabaki na sheria," akasema.

"Na Yanga ikampiga tano," kinyozi akasema. Huyu kinyozi hukumbuka vipigo vya wengine kwa usahihi wa ajabu. Ni kweli, Novemba 2023, 5-1, na Simba ikamfungulia mlango wa kutokea. Lakini hiyo ni kazi ya ukocha. Kila kocha ana tano zake zinamngoja mahali.

Hapo mjadala ukahamia nyumbani, na nyumbani ndiko una uchungu zaidi. Gor ina historia ya kuamini wageni. Kombe lake la Afrika la 1987, lile la Mandela, lilikuja chini ya Mwingereza Jack Johnson. Ubingwa wa 2013 uliomaliza ukame wa miaka 18 ulikuja na Mskoti Bobby Williamson. Ule wa 2015 ambao Gor haikufungwa hata mechi moja ya ligi ulikuwa wa Frank Nuttall, Mskoti mwingine. Jonathan McKinstry wa Ireland Kaskazini akaleta mbili mfululizo, 2023 na 2024. Ukiwa upande wa "tafuteni mzungu", hiyo orodha unaitoa mfukoni na mjadala umekwisha.

Ila haukwishi, kwa sababu kuna Robert Matano. Mzee Simba. Alibeba ligi na Sofapaka 2009, msimu wao wa kwanza kabisa kwenye ligi kuu. Akabeba na Tusker 2012. Akarudi Tusker akabeba tena 2021 na 2022. Sasa niambie, kama Matano angezaliwa Glasgow, si sasa hivi angekuwa na sanamu pale Kasarani? Hilo ni langu, si la kinyozi. Na Ingwe nao wamempa timu Fred Ambani, aliyewahi kuvaa jezi hiyo hiyo, na sijasikia mbingu ikianguka.

Tena kuna Benni McCarthy, ambaye ananitatiza kila nikitaka kuwa na msimamo. Msauzi huyu alikuwa kwenye benchi la United chini ya Ten Hag, 2022 hadi 2024, akiwanoa washambuliaji. Machi 2025 akapewa Harambee Stars. Kina dada na kaka wa Kitengela waliuliza: kwani Wakenya wameisha? Agosti ikafika, CHAN, Kasarani imejaa. DR Congo 1-0. Angola sare ya 1-1. Morocco 1-0, tena tukiwa wachezaji 10. Zambia 1-0. Madagascar wakatutoa kwa penalti robo fainali na watu walitembea kurudi stejini wakilia, lakini hakuna aliyeuliza tena kwani Wakenya wameisha. Mgeni akishinda huwa mwenyeji. Akifungwa ndipo tunakumbuka pasipoti yake.

Jumamosi nilipanda gari kwenda Kajiado mjini, kupita Isinya, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa kuna kocha wa vijana huko ambaye amepitia hili swali kwa mwili wake. Nilimkuta kwenye uwanja wa vumbi si mbali na Ildamat, jua limepiga, vijana kama 30 wakigawana mipira 6. Amewafundisha watoto wa pale kwa miaka mingi bila malipo. Siku za kawaida anauza viatu vya mitumba.

Alinisimulia kwamba kuna wakati alijitokeza mfadhili. Jezi, mipira, nauli za mechi za ugenini, kila kitu. Sharti moja tu: kocha awe na leseni ya CAF, japo ile ya D, ngazi ya chini kabisa, maana juu yake kuna C, B, A na Pro. Yeye hakuwa nayo. Akaletwa kijana kutoka Nairobi mwenye cheti, na mzee wetu akawa msaidizi wa timu aliyoianzisha mwenyewe kwa firimbi ya kuazima.

Nilidhani ninajua hadithi inaelekea wapi. Nilikuwa tayari nimeshaandika sentensi kichwani kuhusu dhuluma.

"Yule kijana alinifundisha," akasema.

Kufundisha nini?

Akaniambia kwa miaka yote hiyo alikuwa anaanza mazoezi kwa kuwazungusha watoto uwanja mara 10. Ndivyo alivyofundishwa yeye, ndivyo alivyofanya. Kijana wa cheti akaja akauliza: kwa nini wakimbie bila mpira na mpira upo? Akagawanya uwanja vipande vidogo, wanne kwa wanne, kila mtoto akigusa mpira mara nyingi ndani ya dakika chache. Akawapumzisha wale wenye maumivu ya goti ambao yeye alikuwa akiwaambia wakaze roho. "Kuna mtoto hapa nilikuwa namuumiza na nilikuwa nampenda," akasema, na akaangalia uwanjani badala ya kuniangalia mimi.

Kijana wa cheti alikaa muda, akapata kazi kwingine, akaondoka. Mfadhili akabaki, na safari hii akafanya jambo la maana: akamlipia mzee kozi. Sasa ana D yake. Ameiweka ndani ya karatasi ya plastiki pamoja na kitambulisho, na alinionyesha bila mimi kuomba.

Nilimuuliza kuhusu Carrick, maana ilikuwa lazima. Akasema yeye ni Liverpool, hana ushauri wa kuwapa.

Njiani nikirudi nilikuwa nikiwaza. Kocha wa Kajiado hakuchukia kuulizwa karatasi. Kilichomsaidia ni kwamba aliambiwa ni karatasi gani, na mtu akamwonyesha mlango wa kuipata. Jamaa wa EPZ hajui anapimwa kwa nini. Ndiyo maana nafikiri mashabiki wa United wanamwonea huruma mtu asiyehitaji huruma. Carrick ana tarehe. Aliambiwa siku ya kwanza: hadi mwisho wa msimu, Mei, mechi hizi hapa, wapinzani hawa hapa, halafu tutaongea. Akipata kazi sawa, asipopata ataondoka na pesa zake na jina lake likiwa safi. Amorim mwenyewe alikuwa na mkataba hadi 2027. Kushikilia si tusi. Kushikilia bila tarehe ndiko tusi, kwa sababu mwajiri anapata supavaiza kwa bei ya mshonaji na hana haraka ya kubadilisha kitu kinachomfaidi.

Serikali yetu, amini usiamini, ilishaliona hilo. Sheria ya Tume ya Huduma kwa Umma ya 2017 inasema afisa akipewa cheo cha kukaimu asikae humo zaidi ya miezi 6. Kama inafuatwa kila ofisi ni mjadala mwingine, mnaijua nchi yenu. Lakini imeandikwa. Shida ni kwamba hiyo ni ya watumishi wa umma. Kiwanda cha nguo si wizara.

Na nikiwa bado hapo: nani awe kocha wa United? Mtaniuliza tu. Tangu Ferguson astaafu Mei 2013, wamepita Moyes, Van Gaal, Mourinho, Solskjaer, Ten Hag na Amorim. Sita wa kudumu, kama "kudumu" bado ni neno. Katikati yao wakashikilia Giggs, Carrick mwenyewe mechi 3 mwaka 2021, Rangnick, Van Nistelrooy, Fletcher. Wamejaribu mwenye jina, mwenye makombe, mtu wetu, mwenye falsafa. Ferguson alichukua timu Novemba 1986 akangoja hadi 1990 kupata kombe la kwanza, na leo hakuna kinyozi hata kimoja Kitengela kingempa miaka hiyo. Mimi ningemwacha Carrick afike Mei kama walivyokubaliana, nihesabu pointi, halafu nimkalishe chini pamoja na wengine wawili watatu na wote waulizwe maswali yale yale. Jamaa wa boda atafurahi kwa sababu kuna mahojiano. Wa jezi atafurahi kwa sababu Carrick atakuwa chumbani humo. Kinyozi hatafurahi, lakini yeye alifungwa tatu nyumbani.

Nilikuwa namalizia kuandika hii makala wakati simu ililia. Ujumbe kutoka kwa jamaa wa EPZ. Ameambatisha picha ya tangazo lililobandikwa asubuhi kwenye ubao wa kiwanda, limepigwa upande upande kama aliyeogopa kuonekana. Nafasi ya supavaiza wa laini, wafanyakazi wa ndani wanaruhusiwa kutuma maombi, mwisho katikati ya Februari. Nikavuta picha ikawa kubwa nisome masharti. Diploma ya masuala ya nguo, au uzoefu wa angalau miezi 12 katika cheo hicho.

Au. Nilisoma hilo neno mara tatu.

Yeye alikuwa amelisoma mara nyingi kuniliko. Chini ya picha aliandika: "Buda, ile miezi yangu 16 ya kushikilia inahesabiwa ama haihesabiwi? Barua yangu ya kushikilia haina tarehe ya mwisho, ina ya kuanza tu."

Nimemwambia atoe nakala ya hiyo barua na ya payslipu zote zenye ile posho, apeleke mwenyewe ofisini na asidondoshe kwa sanduku, na ahakikishe anagongewa muhuri kwenye nakala yake. Amesema Jumatatu yuko zamu ya asubuhi, ataomba ruhusa saa nne. Laini itabaki na nani kwa hizo dakika, bado hajajua.